Sahani ya Peke Yake

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Wanaofanya biashara jirani na cherehani yangu pale Mabatini, Mwanza, wanajua: mteja akilalamika kwamba gauni limembana, namwambia wazi gauni halijapungua, aliyeongezeka ni yeye. Ndiyo maana jambo hili linanitesa. Mara moja tu katika maisha yangu nilinyamaza mahali nilipotakiwa kusema, na mpaka leo nalipia ule ukimya.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo. Miaka ishirini barabara ya Shinyanga, kakaa, mkono kwenye usukani, anakula popote lori linaposimama: chipsi mayai, nyama choma, wali wa kujaza sinia, na soda mbili za kushushia. Alikuwa na kitambi ambacho ukweni walikisifia, wakasema mke anamtunza. Kisha ikaja kiu isiyoisha, na kukojoa kila saa, na siku moja akakanyaga kaa la moto jikoni kwangu akaendelea kuongea. Mimi ndiye niliyesikia harufu.

Daktari aliyetupokea kliniki alikuwa kijana asiye na utani. Alisema ni sukari, ya siku nyingi, na mishipa ya fahamu ya miguuni imeshakufa. Akanionyesha kwa mkono wake: ugali kama ngumi yako, si zaidi, nusu ya sahani iwe mboga za majani, samaki wa kuchemsha, soda hapana. Atembee kila siku. Halafu akanigeukia mimi, si mume wangu. "Mama, kila jioni umkague miguu. Chini ya nyayo na katikati ya vidole. Huyu akichomwa na msumari hatajua. Siku tatu nne zinatosha kuupoteza mguu."

Nje kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mmoja, suruali yake upande mmoja imekunjwa na kushikizwa kwa pini. Mume wangu alimtazama sana. Tulipokuwa tunatoka akaniambia kwa sauti ndogo kwamba akikatwa wa kulia, ndio mguu wa mafuta, na lori haliendeshwi kwa mguu mmoja. Nikamwambia hautakatwa wakati mimi nipo. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu.

Basi tukaanza. Alfajiri kabla hajaenda kuchukua lori, tulikuwa tunatoka nyumbani Mkolani, tunatembea kando ya lami mpaka Buhongwa na kurudi. Vijana wa bodaboda walitutania: "Mzee, panda tukusogeze, mama anakuua." Alicheka mwanzoni akihema, baadaye akacheka bila kuhema. Mimi mwenyewe nilimpunguzia suruali zake kiunoni mara tatu. Na kila jioni, hata kama tumegombana, nilikaa kwenye kigoda, nikauweka mguu wake pajani, nikamulika kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole. Yeye kuinama hawezi vizuri, mgongo wa udereva. Tulikuwa tunaongea mambo mengi wakati ule kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Nilikuwa naupenda wakati ule.

Kipimo cha sukari kikashuka. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Lakini mtaani watu walianza kushusha sauti. Huku kwetu mtu akinenepa anaambiwa amependeza. Akipungua, hata awe mzima kama chuma, watu wanaanza kuulizana amebakiza muda gani. Mama mmoja wa jirani alinifuata mpaka kwenye cherehani, akaniuliza baba anaumwa nini, na kama tumeshapima vyote. Nikamjibu tumepima vyote isipokuwa umbea wake. Hakuniuliza tena.

Desemba ilipofika, mama mkwe akapiga simu. Kwao ni kijijini, mbele ya Magu, mahali ambapo mashamba ya mpunga yanashuka mpaka ziwani. Alisema mwaka huu anataka watoto wote nyumbani, Krismasi mpaka mwaka mpya, dume la ng'ombe limeshatengwa. Mume wangu alifurahi. Mimi nilianza kufunga mizigo kama mtu anayekwenda kwenye vita: unga wa dona, karanga mbichi, kipimo cha sukari, dawa zake, na sahani yake ya bati yenye ua la bluu ambayo nilikuwa nimeizoea kwa macho, najua mboga ziishie wapi na ugali uanzie wapi. Sikufikiria kitu kibaya. Mimi ni Mhaya, wao Wasukuma. Miaka yote ile nilikuwa nimekwenda ukweni kwa misiba na harusi, siku moja mbili, nikarudi. Kukaa nao hasa sikuwahi.

Tulifika mchana. Nilipiga goti, shikamoo mama, akaitikia marahaba, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Alikuwa anamtazama mwanawe kuanzia shingoni mpaka miguuni. Akamshika mkono, akauzungusha, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Mwanangu amepatwa na nini?" Mume wangu akacheka, akasema amepona, anafanya mazoezi. Mama akarudia neno mazoezi polepole, kama hajawahi kulisikia. Wifi yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo, hakucheka.

Sasa kosa langu la kwanza ni hili. Kule wanaume wanakula pamoja. Ugali mmoja mkubwa unawekwa katikati, bakuli la nyama, bakuli la maziwa ya mgando, wote wanazunguka wananawa, wanamega. Mtu haulizwi amekula kiasi gani. Mkono wake uko pale na ya wenzake. Mimi jioni ile ya kwanza nilipeleka ugali wa wanaume kama kawaida, halafu nikarudi na ile sahani ya bati, ngumi moja ya dona, mchicha, na kipande cha sato, nikaiweka mbele ya mume wangu.

Mikono ikasimama. Kaka yake mkubwa aliitazama ile sahani, akamtazama mume wangu, kisha akaendelea kula huku amegeuza bega. Mume wangu alikula macho yameinama. Nilidhani wamekasirika kwa sababu ya dona, maana walikuwa na mchele wao mpya. Nikajisemea moyoni, wakasirike, mguu ni wetu.

Asubuhi tulitoka kutembea kama nyumbani. Njia inapita kando ya nyumba moja ya udongo, bati zimetolewa, kuta zimeanza kulala, na mbuyu mchanga umeota katikati ya sebule. Niliuliza ya nani. Mume wangu akasema alikuwa anaishi bibi mmoja peke yake, alikuwa anakula peke yake, anatembea mapema peke yake. Watu walisema sana. Nikauliza wakamfanya nini. Akasema, "Tuondoke hapa, jua linapanda," na jua lilikuwa halijatokeza hata kidogo. Nilimwangalia mgongo wake akitangulia, nikamfuata.

Jioni nikamkagua miguu chumbani, kama kawaida. Chumba hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia la kanga. Nilikuwa nimepiga magoti, simu nimeishika kwa meno, napanua vidole vyake, pazia likasogea. Wifi yangu alikuwa amekuja kuchukua mkeka. Alisimama, akatuangalia, akaondoka bila mkeka.

Kuanzia kesho yake mambo yakageuka. Nikikoroga chungu, mtu ananipokea mwiko kwa upole na kuniambia nikapumzike. Maji niliyochota mimi hayakunywewa. Nilikuta ndoo imejaa vile vile mpaka jioni. Watoto wadogo waliokuwa wananifuata kwa sababu ya pipi waliitwa, mmoja mmoja, na mama zao. Nikapita karibu na wanawake wanaochambua mchele, wakanyamaza, na nilipowapa mgongo nikashika neno moja la Kisukuma, la kumwita mtu mchawi, ambalo mtu aliyeishi Mwanza muda mrefu hawezi kukosa kulijua. Neno hilo silirudii hapa. Mimi ninayejibu kila mtu nilipita, nikaenda chumbani kukunja nguo.

Mkesha wa Krismasi, mchana, mama mkwe aliniita jikoni. Wifi alikuwepo, anachochea moto. Mama si mtu mbaya, hilo niliseme. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

"Mwanangu, kaa," akasema. "Kwetu mwanamume akitengewa chakula peke yake, watu wanauliza. Ni mgonjwa? Anaogopa kulishwa sumu na ndugu zake? Au kuna kitu kimewekwa kwenye sahani ile?"

"Mama, ni sukari. Daktari ndiye alisema."

"Sukari tunaijua. Lakini mwanangu alikuwa na mwili wake, sasa amekauka. Watu wanaona. Wanasema umemshika, hali mpaka umpimie, hatembei mpaka utembee naye." Akanisogelea. "Na ile kumulika nyayo jioni. Sijui unachokitafuta kule chini, na sitaki kujua. Iache. Mpaka mtakapoondoka, iache."

Wifi akasema bila kugeuka, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Ningeweza kuinuka pale pale, nikaenda kwa mume wangu aliyekuwa amekaa na ndugu zake, nikasema mbele ya wote kwamba huu mguu umekufa, hausikii, na mimi ndiye jicho lake. Ningeweza kuwaonyesha kile kipimo, damu ile ndogo kwenye kidole, namba zinavyopanda. Ndiyo, walikuwa na wasiwasi, lakini walikuwa na masikio pia. Badala yake nilikumbuka ile nyumba iliyotolewa bati. Nikasema, "Sawa, mama."

Jioni ile sikumpelekea mume wangu kitu. Alikula na wenzake, na nilisikia kicheko chake kwa mara ya kwanza tangu tufike. Siku ya Krismasi walichinja lile dume. Supu asubuhi, pilau mchana, nyama tena jioni, soda kreti mbili. Mama mkwe mwenyewe alinipa upawa, mbele ya wanawake wote, akaniambia mtengee mume wako na ndugu zake. Nilijua ni mtihani. Nikajaza lile sinia mpaka likafurika, nikazidisha na mafuta yake, wakacheka, wakaniita mke wetu. Jamani, nilifurahi. Nasema ukweli: nilikuwa nampelekea mume wangu maradhi yake kwenye sinia, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa sababu wanawake walikuwa wananichekea.

Chumbani, tangu usiku wa mkesha, alikuwa ameuliza, "Leo hunikagui?" Nikamwambia nimechoka, kesho. Akasema sawa, hata yeye amechoka kukaguliwa, ngoja miguu ipumzike sikukuu. Sikumwambia nilichoambiwa jikoni. Angemkabili mama yake, na mimi ningebaki kuwa mke aliyegombanisha mtu na mamaye. Nilijihesabia kwamba ni siku chache tu.

Siku iliyofuata Krismasi kulikuwa na mpira kwenye kiwanja cha shule ya msingi, waliooa dhidi ya makapera, wanagombea mbuzi. Kila mwaka waliooa wanafungwa kwa sababu ya vitambi. Mume wangu akasema mwaka huu wana mtu. Yule aliyekuwa anahema kupanda ngazi za lori alitaka kuwaonyesha ndugu zake kwamba hajakauka, amepona. Hakuwa na viatu vya mpira, akaazima njumu za mpwa wake, zimembana kidogo. Nilisimama pembeni ya kiwanja. Nilijua anatakiwa kukagua ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, daktari alisema, na nilifungua mdomo nikaufunga, kwa sababu mama mkwe alikuwa amesimama mkono wangu wa kushoto.

Alicheza dakika zote. Alifunga bao. Walimbeba mabegani, na kaka yake mkubwa akapiga kelele kwamba mdogo wake ni mzima, nani alisema anaumwa. Mama mkwe alifuta machozi. Nilimwona anarudi nyumbani katikati ya wanaume, akitembea sawasawa, bila kuchechemea hata kidogo. Mtu mwingine angechechemea.

Siku zile zilizobaki alivaa soksi na raba zake, akala na wenzake, akalala mapema. Hakusema anaumwa, kwa sababu hakuumwa. Kutembea alfajiri tuliacha. Alisema ule mpira unatosha mazoezi ya mwezi mzima. Alianza kunywa maji sana. Nilimwona anaamka kwenda nje mara nyingi, nikahesabu, nikajua sukari imepanda, na kile kipimo kilikuwa chini ya nguo zangu kwenye begi. Sikukitoa. Nilikuwa nasubiri siku ya kuondoka kama mfungwa.

Tuliondoka siku ya pili ya mwaka mpya. Kwenye basi nilisikia harufu, nikadhani ni dagaa wa abiria mwingine. Tulipofika Mkolani, nikafungua nyumba, akakaa kwenye kiti, na ile harufu ikakaa naye. Nikavuta kigoda. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imeganda, ikabidi niilowanishe kwa maji. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo. Baadaye tulijua ni skrubu ya njumu iliyopenya kwa ndani. Kuzunguka lile shimo palikuwa peusi, na weusi umepanda mpaka katikati ya unyayo. Mume wangu alikuwa ananitazama usoni, maana mguu wenyewe hauoni. Akauliza, "Kuna nini?" Nikatoka nje kutafuta gari la kutupeleka hospitali.

Walikata vidole vitatu kwanza. Baada ya siku nne wakakata juu ya kifundo. Kampuni ya lori ikatuma mtu na matunda.

Mama mkwe na wifi walikuja baada ya operesheni ya pili. Nilikuwa nimekaa upande mmoja wa kitanda, wao wakakaa upande wa pili, na kati yetu palikuwa na ile shuka iliyoishia mapema. Mama alifungua hotpoti. Ulikuwa wali, na nyama ya mafuta, na chupa ya soda ya kumrudishia nguvu. Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Nikasema daktari amekataza, na kwamba uliobaki tukicheza nao utafuata.

Mume wangu alikuwa amelala amefumba macho. Akayafungua, akaniangalia mimi. Alikuwa ameshalifikiria hili siku nyingi, lilionekana.

"Mwaka mzima ulikuwa unaniangalia miguu," akasema. "Hukukosa hata siku moja. Sikukuu ile niliyoumia ndiyo uliyoacha. Kwa nini?"

Nikamgeukia mama mkwe. Nilimpa nafasi aseme mwenyewe, na hakusema. Nikasema mimi, "Mama ndiye aliniambia niache. Jikoni, mkesha wa Krismasi. Wifi alikuwepo."

Mama mkwe alikuwa anafunga kanga yake. "Mimi niliongea habari za sahani tu," akasema.

Wifi alikuwa anatazama sakafu. Nilimwita, wifi, sema. Akasema hakumbuki vizuri, moshi ulikuwa mwingi jikoni siku ile.

Nesi alipita na dawa, akaniambia mama, umkague na huo mwingine, sukari yake bado iko juu. Nikainuka, nikazunguka kitanda, nikanyoosha mkono kuelekea mguu wa kushoto. Mume wangu akauvuta ndani ya shuka, taratibu, mpaka haukuonekana. Kisha akamgeukia mama yake, akafungua mdomo, na mama akamlisha.